Ethi

Mama Nyamizi aliegesha Noah mlangoni pangu, Nyakato,
harufu ya mabondo ikatangulia kushuka,
kisha yeye, ufunguo mkononi, salamu fupi:
"Kaa humo. Washa. Kanyaga mafuta. Sikia mwenyewe."

Nikakanyaga.
Nyuma ya mtangazaji ukapanda mluzi,
mwembamba, wenye subira,
injini ikipaa unapaa, ikitulia unashuka,
kama mtoto anayeiga maneno ya mkubwa
ili kumkera tu.

Fundi wa Igoma alishabadili spika.
Wa Mabatini aliilaumu alteneta, akalipwa, akahama.
Mluzi ukabaki.

"Alhamisi nilikuwa Magu, nafuata mzigo.
Saa ya matangazo ya vifo. Wakataja Nansio.
Wakataja ukoo wetu. Wakafika kwenye jina:
Ma... na huyo mdudu akameza iliyobaki.
Tuna Mazigo, tuna Mafuru, tuna Makene.
Nimeendesha mpaka Kisesa nikiwazika wote watatu."

Nikaing'oa redio tumboni mwa dashibodi.
Ncha moja ya mita kwenye bati,
ya pili kwenye pete ya tundu inapotokea sauti.
Mita haikulia.

Nilijua basi.
Sauti nayo inataka pa kukanyaga, sisi tunapaita ethi.
Tazama nyumba za Kilimahewa juu ya majabali,
watu wanalala, wanakoroma, wanazaa,
na chini ya jiwe kubwa kama lori
kuna kajiwe kamekaza.
Kang'oe uone.

Nikafungua mfuniko.
Fyuzi ya kijani, punje ya mchele ingeidharau,
imejibanza nyuma ya tundu zile mbili.
Haikuwa na doa la moshi wala ufa.
Ilikuwa imekufa kama wanavyokufa wapole,
mpaka uwaite ndipo ujue.

Ndipo nikaona utepe.
Wa njano, juu ya kiungo cha waya wa amplifaya,
umezungushwa kinyume.
Mimi ni wa kushoto. Mji huu mzima
sijaona mwingine anayezungusha hivyo.

Machi. Mvua ilikuwa inapiga bati,
wateja watatu walisimama mlangoni,
na mimi nilichomoa zile waya redio ikiwaka,
betri sikuigusa, nikarudisha, nikasema tayari,
nikapokea hela.

Wengi hapa huruka kwa kipande cha waya mtupu,
risasi kidogo, moshi kidogo, muziki.
Na kweli mluzi hunyamaza.
Lakini waya mtupu haujui kufa.
Siku nyingine ya haraka, ya mtu mwingine wa haraka,
utaiachia bodi iungue.
Kazi ya fyuzi ni kutangulia.

Nikamwaga kopo la maziwa ninamowekea maiti za redio,
nikatafuta, jasho likidondokea mezani,
nikapata moja, nikaipima, ikalia.
Nikaichomelea taratibu, kama natia uzi kwenye sindano
mbele ya mama mkwe.

Tukajaribu. Injini juu, injini chini.
Mtangazaji alikuwa anasoma bei ya mpunga
na kila sifuri ilisikika.

"Sasa alikuwa nani?" nikauliza.
"Mafuru," akasema. "Alikuwa ananidai elfu arobaini."
Akafuta kiti kilichokuwa kisafi.
"Ilikuwa nini?"
"Fyuzi."
"Imekatwa na nini?"
Kompresa ya jirani ikawaka, nikaishukuru, ikazimika upesi mno.
"Hukatika mtu akichomoa waya redio ikiwa inawaka."
"Mtu," akasema.
"Mtu," nikasema.

Nikamtoza nusu.
Akazitazama noti nilizomrudishia,
akautazama mkono uliozishika,
akaingia garini.
Hakusema kitu. Aliongeza sauti.